Herufi Kubwa na Ndogo Unapotafuta au Kubadilisha Maneno Katika Mkataba

Mikataba mingi ya mikopo na ya kupanga nyumba siku hizi huandaliwa kwa kompyuta. Anayetaka kujua kipengele kinachomhusu hutumia zana ya kutafuta neno. Anayerekebisha mkataba wa zamani hutumia zana ya kubadilisha neno. Zana hizi hulinganisha herufi tu, hazielewi maana. Hapa tunaeleza mpangilio mmoja mdogo ambao usipozingatiwa, mtumiaji anaweza kusaini sharti ambalo hakuliona.

Katika Microsoft Word, LibreOffice Writer na Notepad, mpangilio huo huandikwa “Match case”. Ukiwekewa tiki, kompyuta huyahesabu “riba”, “Riba” na “RIBA” kuwa maneno matatu tofauti. Tiki ikiondolewa, yote huwa neno moja.

Unapotafuta ili usome, ondoa tiki

Ukitafuta “riba” huku tiki ikiwepo, kichwa cha habari “RIBA NA ADHABU” hakitaonekana, wala sentensi inayoanza na “Riba”. Tunashauri uhakikishe tiki imeondolewa kabla ya kuamini kwamba neno halimo.

Unapobadilisha, weka tiki

Chukua mfano wa mkataba wa pango uliokuwa wa Ali, ambao sasa unaandaliwa kwa ajili ya Juma. Ukibadilisha “Ali” kuwa “Juma” kwa Notepad bila tiki, “mali” itakuwa “mJuma” na “serikali” itakuwa “serikJuma”. Tiki huyaokoa maneno hayo, lakini haitoshi: “Alisaini” bado itakuwa “Jumasaini”. Katika Word, weka pia tiki kwenye “Find whole words only”, na katika LibreOffice Writer kwenye “Whole words only”, ili neno libadilishwe pale tu linaposimama peke yake.

Kumbuka kwamba jina lililoandikwa “ALI” litaachwa kama lilivyo. Lishughulikie kwa mzunguko wa pili, la sivyo mkataba utabaki na majina ya watu wawili.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi nakala ya hati ya awali.
2. Bonyeza Ctrl na H. Katika Word, fungua “More” ili uone mipangilio yote.
3. Weka tiki zinazohitajika.
4. Tumia “Replace”, ambayo hubadilisha neno moja baada ya jingine, badala ya “Replace All”.
5. Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z papo hapo.

Hata mpangilio ukiwa sahihi, kukosekana kwa neno “riba” si uthibitisho kwamba mkopo hauna gharama, kwani gharama hiyo inaweza kuitwa “ada” au “tozo”. Zana ya kutafuta ikusaidie kurejea kipengele ulichokwisha kukisoma. Kabla ya kusaini, soma mkataba wote.