Latvia: Waziri Mkuu Huondoka, Sera Hubaki

Anayesoma orodha ya mawaziri wakuu wa Latvia tangu uhuru urejee mwaka 1991 anaweza kudhani nchi hiyo haitawaliki. Kati ya uchaguzi wa 1993 na Mei 2004 kiti hicho kilikaliwa na watu 8. Bunge lake, Saeima, lina viti 100 vinavyogawanywa kwa uwiano wa kura, na hakuna chama kilichowahi kupata wingi peke yake. Kila serikali ni ya mseto, na mshirika mmoja akinuna, waziri mkuu hufungasha. Vyama vyenyewe havidumu: Latvijas Ceļš, kilichoongoza mwaka 1993, kilikosa hata kiti kimoja mwaka 2002, huku chama kipya cha Einars Repše, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, kikishika nafasi ya kwanza.

Hata hivyo, naona kuyumba huko ni kwa viti tu. Latvia ilijiunga na NATO Machi 2004 wakati Indulis Emsis hajatimiza mwezi madarakani, na Umoja wa Ulaya Mei mwaka huohuo. Sarafu ya euro ilianza Januari 2014 wakati Valdis Dombrovskis ameshajiuzulu, baada ya paa la duka kubwa mjini Riga kuporomoka na kuua watu 54. Dombrovskis huyo alipunguza mishahara ya umma kufuatia msukosuko wa kiuchumi wa 2008, na bado akashinda uchaguzi wa 2010, jambo ambalo wanasiasa wengi wa Ulaya hawakuthubutu hata kuliota. Kuihofia Urusi kuliwaunganisha mahasimu: waligombana kuhusu nani aongoze, si kuhusu wapi waelekee.

Atatokea wa kuuliza kama huo si mzunguko wa watu walewale. Hoja ina uzito. Saskaņa, chama kilichotegemea sana wapiga kura wanaozungumza Kirusi, kiliongoza kwa kura mwaka 2011, 2014 na 2018, kisiingie serikalini hata mara moja. Na wakazi wengi waliohamia enzi za Kisovieti hawakupewa uraia moja kwa moja, hivyo hawakupiga kura. Wanaotetea hali hiyo husema hakuna chama kinachodai mseto kama haki, nao hawakosei kisheria. Ila uthabiti huo uligharimu. Mwaka 2022 Saskaņa haikufikisha asilimia 5 inayohitajika, na Stabilitātei, chama kipya chenye lugha kali zaidi, kikaingia bungeni na viti 11.