Vijana, msijaribie programu kwenye seva ya watu

Vijana wa Pwani wanaounda programu siku hizi ni wengi, alhamdulillahi. Lakini kuna tabia moja inayonikera. Kijana amepewa kazi na duka la dawa ama madrasa, seva ni moja, na kila jambo jipya analijaribu palepale watu wanapofanyia kazi. Likiharibika, zinazopotea ni rekodi za karo na madeni ya wateja. Muulize, atakwambia hana pesa za kununua kompyuta ya pili.

Haihitaji. Linux ina kitu kiitwacho kontena, na sisi wa karibu na Kilindini jina hilo si geni kwetu. Mzigo hufungiwa ndani ya sanduku lake, hauchanganyiki na wa jirani, na sanduku hilohilo hutoka kwenye meli likapanda lori ama treni. Kwenye kompyuta, kontena ni programu pamoja na faili zake, zilizotengwa hata zinajiona ziko peke yake kwenye mashine.

Wengi hulichanganya na kompyuta pepe. Hiyo hubeba mfumo mzima wa uendeshaji pamoja na kiini chake, hula memori na huchelewa kuwaka. Kontena hutumia kiini cha mashine iliyolibeba. Huwaka kwa sekunde chache, na laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 4 huweza kubeba kadhaa.

Wazo lenyewe ni la zamani: chroot ya Unix ni ya 1979, FreeBSD ikaleta "jela" zake mwaka 2000, LXC ikaja 2008, na Docker ya 2013 ndiyo iliyolieneza. Kwa kujaribu seva, mimi napendelea LXC. Docker kwa kawaida hubeba programu moja. LXC hukupa kitu kama seva kamili. Unaingia, unaweka hifadhidata na tovuti, unazima na kuwasha huduma utakavyo. Kabla ya kugusa kitu, hifadhi hali yake. Mambo yakienda mrama, unairudisha. Weka PHP ya zamani kwenye kontena moja na mpya kwenye jingine, uone ni kipi kinachokataa kabla mteja hajakupigia simu.

Tahadhari zipo. Ukifuta kontena la Docker, data iliyoandikwa ndani yake huenda nalo, isipokuwa umeihifadhi nje. Kiini nacho ni kimoja kwa wote, kwa hivyo kasoro yake yaweza kutoboa ukuta. Usiingize programu usiyoiamini ukadhani umeifungia. Wala usinakili rekodi halisi za wagonjwa kwa majaribio. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na majina ya kubuni yanatosha kabisa.

Wa Windows wajue Docker kwao hupitia kompyuta pepe ya Linux, hivyo itakuwa nzito kidogo.

Na bando lisiwe kisingizio. Taswira ya Alpine Linux ya kuundia kontena haifiki MB 10, na ukishaipakua mara moja, makontena mengine huyaunda kutoka hiyohiyo.