Zulia Jipya Juu ya Zulia Kuukuu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake.

Siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, baada ya darsa ya alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, amempakata mtoto mchanga. Akaniambia: "Sheikh, nina suala, nami naliona haya. Baba watoto amenunua zulia jipya la sebuleni, na anataka tulitandike juu ya lile kuukuu. Hilo kuukuu watoto wamelikojolea miaka yote. Je, swala zetu zitasihi? Nami nikimkataza, nitakuwa nimemvunjia heshima?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na huyu wangu wa pili ana pumu."

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ulilolitaja mwisho ndilo lililostahiki kutangulia."

Ama suala la swala, jawabu lake ni jepesi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba mtu akitandika kitu twahara na kikavu juu ya mahali penye najisi, akaswali juu yake, swala yake yasihi, ijapokuwa ni karaha. Najisi kavu haihamii kwenye kitu kikavu. Lakini unyevu ukiingia baina yao, najisi hupanda, na zulia la juu huharibika kama la chini. Nasi watu wa pwani twaijua hewa yetu. Masika yakiingia, hata nguo kabatini hunuka uvundo.

Liko na jambo la sijida. Yapasa paji la uso likandamize kwa uzito wake, hata kama chini pangekuwa na pamba, pamba hiyo ingebonyea. Mwenye kuswali juu ya mazulia mawili manene na asikandamize, bali akagusa manyoya ya juu tu, sijida yake haikutimia.

Basi sharia imetoa nafasi. Lakini si kila kinachosihi ndicho kilicho bora, na nyumba haikai kwa swala peke yake. Ndani yake mna vifua vinavyovuta pumzi. Zulia la kale lina vumbi, na vipande vya ngozi vinavyotupukutika bila ya sisi kuviona. Hivyo ndivyo chakula cha utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaopenda mahali penye joto na unyevu. Kinyesi chao ni miongoni mwa mambo yanayoamsha pumu. Ukilifunika zulia hilo kwa jingine, umewajengea dari: ufagio hauwafikii, jua haliwafikii. Ukungu nao huota palepale.

Tena zulia la juu halitulii. Hujikunja na kufanya makunyanzi, bibi na babu wakajikwaa; mlango hukwaruza; nalo huchakaa upesi kwa kuwa chini yake ni laini. Pesa uliyodhani umeiokoa huipoteza kidogo kidogo.

Jioni ile nilikwenda kumtembelea mume wake. Alinipokea kwa taadhima, tukanywa kahawa, kisha nikamwomba tuinue pembe moja ya zulia lile kuukuu, ile iliyo karibu na ukuta wa msalani. Mgongo wake ulikuwa umeota ukungu mweusi, na harufu ikatujia sote wawili. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sheikh, mimi nilijua kuna kitu. Nyumba hii ni ya marehemu baba, na sakafu imepasuka. Wakwe zangu watakuja Idi. Sikutaka waione."

Hapo nikafahamu kwamba hatukuwa tukizungumza juu ya zulia. Mwanamume yule hakuwa bahili wala mzembe; alikuwa akiificha aibu yake, na mtoto wake akiivuta kifuani usiku. Wangapi wetu hatufanyi hivyo?

Kwa hivyo, kabla ya kutandika, fanyeni haya. Liondoeni la kale, mfagie, mwoshe sakafu na mwiache ikauke vyema. Kisha chukueni kipande cha nailoni, mkibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, mkiache usiku na mchana. Mkikuta matone chini yake, sakafu inatoa maji. Hapo fundi wa sakafu atangulie, zulia lifuate. Mahali alipokojoa mtoto pamiminiwe maji baada ya kuondoa dhati ya najisi. Mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili wala hali chakula ila maziwa, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yapaenee mahali pale. Kisha paanikwe.

Aliye na zulia jembamba, kavu na safi, akataka kutandaza msala au busati dogo juu yake, hana ubaya, maadamu ataliinua kila wiki na kulipiga jua.

La kale lisitupwe ovyo. Likiwa zima, lifuliwe, lianikwe, lipewe mwenye haja, kwani tumekatazwa kutoa sadaka kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea. Anayeliuza na aoneshe kasoro yake. Mtume (SAW) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone. Lililoota ukungu lisipewe mtu. Na la msikiti ni wakfu. Likichakaa lisitumike tena, kamati yaweza kuliuza na thamani yake ikarudi kwa maslaha ya msikiti.

Ama suala la heshima, nilimwambia yule mama kwamba mke kumshauri mumewe kwa upole, faraghani, juu ya afya ya mtoto wao, si kumvunjia heshima bali ni kumsitiri.

Sakafu ile ilitiwa saruji katika kumi la kwanza la Ramadhani, na fundi akawaambia wangoje ikauke. Idi ilipofika zulia jipya lilikuwa lingali limekunjwa chumbani. Wakwe walikuja, wakakaribishwa juu ya mikeka, wakala, wakaomba dua. Sikusikia kwamba yupo aliyeuliza zulia li wapi.

Mwenyezi Mungu azitwahirishe nyumba zetu, dhahiri yake na batini yake, na awape shifaa watoto wetu. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.