Mchaichai Ni Neno Letu

Aghalabu wanafunzi hudai kwamba Kiswahili ni maskini wa msamiati wa vinywaji vya kisasa. Mfano wao ni ile chai baridi yenye majani ya kunukia, iuzwayo kwa chupa madukani. Yamkini wadaio hivyo hawaingii jikoni.

Na tuipike. Ponda mabua 3 ya mchaichai, uyachemshe katika lita 1 ya maji kwa dakika 10, kwani ni magumu. Epua, kisha utie vijiko 2 vya majani ya chai na konzi moja ya nanaa. Nanaa ni laini, haihitaji kutokota. Baada ya dakika 5 chuja, koroga sukari ingali moto, ukamulie ndimu. Iache ipoe yenyewe kabla ya kuitia jokofuni. Ikipozwa kwa pupa hufanya ukungu. Asiye na jokofu ana mtungi.

Je, tumekwama wapi kwa kukosa neno? Nanaa tulilipata kwa Waarabu. Chai pia ni neno la kigeni, lakini Kiswahili kililiradidi, kikalivika kiambishi m- cha ngeli ya miti, likazaliwa mchaichai: mmea unaofanana na chai kwa matumizi. Hiyo ndiyo kazi ya uundaji wa istilahi, na waliounda hawakungoja kamati.

Walimu wenzangu, kabla hatujalilia istilahi mpya, tuwatake wanafunzi wautaje kwa Kiswahili mmea ulioota nyuma ya nyumba zao. Wengi hawauwezi.