TUCHAGUE OILI INAYOFAA PIKIPIKI

Pikipiki imekuwa msaada mkubwa vijijini. Inapeleka mgonjwa zahanati. Inabeba mahindi kwenda gulioni. Inawapatia vijana riziki. Lakini wengi wetu tumeinunua kwa mkopo. Injini ikifa, deni halifi. Kwa hiyo leo tujifunze habari za oili.

Oili hulainisha vyuma visisagane. Pia hupunguza joto na kubeba uchafu. Katika pikipiki nyingi, oili hiyo hiyo moja hutumika kwenye injini, gia na klachi. Hapo ndipo pikipiki inapotofautiana na gari. Baadhi ya oili za gari zimetiwa dawa ya kuongeza utelezi. Tukizitia kwenye pikipiki, klachi inaweza kuteleza. Injini inanguruma, lakini mlimani chombo hakipandi!

Sisi tunajua kusoma. Basi tusimwachie muuza duka atuchagulie. Tusome chupa wenyewe:

1. Tutafute 4T. Hii ni oili ya injini ya mipigo minne. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za namna hiyo. Oili ya 2T ni ya injini ya mipigo miwili, nayo huungua pamoja na petroli. Tusitumie moja mahali pa nyingine.

2. Tutafute alama ya JASO MA au MA2. Maana yake ni kwamba oili hiyo inafaa klachi inayolowa ndani ya oili.

3. Tutazame uzito, kwa mfano 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha uzito wakati wa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito injini ikiwa moto. Tusidhani kuwa oili nzito zaidi ndiyo bora. Tufuate kitabu cha pikipiki.

4. Tukague kifuniko. Kama kimeshafunguliwa, tusinunue. Huenda ndani ni oili chafu iliyochujwa.

Tukishapata oili inayofaa, tuipime mara kwa mara. Pikipiki isimame wima, mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Oili isipungue wala isizidi alama. Tuibadilishe kila zikitimia kilomita zilizotajwa kitabuni.

Oili chafu tusiimwage shambani wala karibu na kisima. Tuiweke kwenye dumu, tumpelekee fundi.

Chupa moja ya oili ni rahisi kuliko injini mpya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.