Chura mweusi wa mistari myekundu: usimshike kwa mkono mtupu

Mvua zikianza, wengi wenu mnaofuga kuku wa kienyeji mnachimba vichuguu kutafuta mchwa wa vifaranga. Humo ndimo mnaweza kukutana na huyu: chura mdogo wa sentimita 4 hadi 6, yaani kama kiberiti, mweusi anayeng'aa kama mpira, na mistari miwili myekundu inayoshuka ubavuni kutoka kichwani. Jina lake la kitaalamu ni Phrynomantis bifasciatus. Yupo kuanzia Somalia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini.

Rangi inaweza kukudanganya, kwa sababu kwenye mwanga mkali hupauka. Mwangalie anavyokwenda. Huyu harukiruki, anatembea, na akiwa na haraka anakimbia kwa miguu yote minne.

Sumu yake iko kwenye ngozi. Haumi wala hatemi kitu, ila akibanwa au akishtuka anatoa ute unaonata. Mweke ndoo moja na vyura wengine, wenzake wanaweza kufa. Kwa binadamu shida inakuja ukimshika kwa muda, hasa ukiwa na michubuko, na mkulima gani hana mchubuko mkononi? Ngozi inawaka na kuvimba, halafu kichwa kinauma, kichefuchefu, moyo unaenda mbio. Ukifika huko nenda kituo cha afya, usisubiri kesho.

Sasa mtu ataniuliza, chura laini hivyo anaishije kwenye mashimo yenye wadudu wanaouma? Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Phrynomantis microps, hukaa shimo moja na chungu weusi wakubwa wenye sumu kali. Watafiti walikuta kwenye ngozi yake kemikali zinazowafanya chungu hao wasimshambulie. Mimi hapo huwa navua kofia.

Huyu wa kwetu chakula chake ni sisimizi na mchwa. Simsifii kupita kiasi, hawezi kukumalizia mchwa shambani, lakini hali mazao yako na hana sababu ya kukufuata. Ukimkuta kichuguuni, msukume kwa koleo aende zake, na vibarua waambie hivyohivyo. Aliyemgusa anawe kwa sabuni kabla ya kula au kufikicha macho. Mbwa akimng'ata, msuuze mdomo kwa maji mengi, kisha mpigie daktari wa mifugo. Na usiwatupie kuku ukidhani ni kitoweo.

Jambo la mwisho ni kwa wenye mabomba ya kunyunyizia dawa. Msioshee bomba kwenye madimbwi ya mvua pembeni ya shamba. Jike hutaga mamia ya mayai humo, yanaanguliwa baada ya siku kama 4, na viluwiluwi wanahitaji karibu mwezi mzima ndani ya maji hayo kabla ya kuota miguu na kutoka.