Kuyatafuta Makala Yaliyohakikiwa: Neno kwa Wachunguzi wa Kiswahili

Katika tasnifu nyingi husomwa sentensi isemayo kwamba juu ya jambo fulani “hakuna aliyeandika”. Pengine ni kweli. Aghalabu, hata hivyo, sentensi hiyo hutuonyesha jinsi mwandishi alivyotafuta kuliko yaliyomo maktabani.

Makala yaliyohakikiwa ni yale ambayo mhariri, kabla ya kuyachapisha, aliyapeleka kwa wataalamu wengine wa fani ile ile, mara nyingi bila kuwatajia jina la mwandishi, nao wakashauri yakubaliwe, yarekebishwe au yakataliwe. Uhakiki huo si dhamana kwamba kila lisemwalo ni sahihi. Waonyesha tu kuwa hoja zimepita mbele ya watu waijuao kazi.

Siku hizi mitambo ya kutafutia katika maktaba nyingi za vyuo vikuu humwezesha msomaji kuchagua majarida yaliyohakikiwa peke yake. Yafaa ieleweke kwamba alama hiyo hulihusu jarida, wala si kila ukurasa wake: tahariri na mapitio ya vitabu huweza kupenya humo ingawa hayakupelekwa kwa mhakiki yeyote. Kwa upande wa pili, jarida lisiloorodheshwa na wenye hifadhi za ng’ambo hutoweka, hata likiwa limehakikiwa barabara. Majarida ya Afrika ndiyo yanayodhurika zaidi kwa hilo.

Lakini uzito hasa umo katika majina. Tuchukue jarida la Kiswahili litolewalo Dar es Salaam. Asili yake ni Bulletin iliyoanza kutolewa mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Baadaye likaitwa Journal of the East African Swahili Committee, kisha Swahili, ndipo likawa Kiswahili. Kwa desturi ya wakutubi, jina likibadilika huandikwa ingizo jipya. Basi mwenye kutafuta kwa jina la leo hupata mkia, kichwa kikabaki nyuma.

Maneno ya kutafutia nayo yana mitego yake. Orodha zifuatazo utaratibu wa Library of Congress huiita lugha hii Swahili, si Kiswahili. Mwenye kuchunguza ngeli akiandika “ngeli” tu, huenda asione makala ya Kiingereza yatumiayo “noun class”. Hana budi kuyaandika yote mawili na kuyaunganisha kwa OR. Akipata makala moja mazuri, na ayafuate marejeo yake, kisha aende rafuni, penye namba PL8701 hadi PL8704 ikiwa maktaba yake yafuata utaratibu huo huo. Juzuu za zamani hazimo zote katika kompyuta.

Na akiisha kutafuta, aandike katika tasnifu ni maneno gani aliyoyatumia, katika orodha zipi, na hadi mwaka gani. Hapo msahihishaji ataweza kulipima lile neno “hakuna”.